Ziwa Yellowstone: Mgeni anapopiga hema katika makazi ya dubu

ASUBUHI ya Julai 6, 2011, mume na mke waliokuwa wakitembea kwa miguu katika Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, nchini Marekani, walikutana na dubu jike mwenye watoto katika njia iendayo Ziwa Wapiti. Waligeuka ili wamwachie nafasi. Dubu alipoanza kuwafuata, walikimbia huku wakipiga mayowe. Mume aliuawa. Mke alilala chini bila kujitikisa. Dubu alimwinua kwa shanta aliyokuwa ameivaa mgongoni, akamwachia, kisha akaenda zake.

Wakuu wa hifadhi walikuwa na uamuzi mgumu mbele yao. Baada ya uchunguzi, walimwacha dubu huyo hai kwa hoja kwamba alishtuliwa akiwa na watoto wake na alifanya kile ambacho mama yeyote wa jamii yake hufanya. Ilionekana kuwa pengine mbio na mayowe ndivyo vilivyomchochea kufukuza. Mwezi uliofuata, mwili wa mtalii mwingine, aliyekuwa akitembea peke yake, ulikutwa katika njia nyingine ndani ya hifadhi hiyo hiyo. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa dubu yule yule alikuwa amefika mahali pale. Kabla ya mwaka kwisha alikamatwa na kuuawa, na watoto wake wakapelekwa kuishi kifungoni.

Watu wawili na dubu mmoja walikuwa wamepoteza maisha, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekwenda porini akitafuta ugomvi. Ndiyo maana kila mgeni anayefika Yellowstone hukabidhiwa maelezo marefu kuhusu mwendo wake porini. Kwa msomaji wa Afrika, ambako leo hakuna dubu wa porini na mnyama huyo hujulikana zaidi katika vitabu vya watoto na vikaragosi, maelezo hayo yanaweza kuonekana kama woga uliopita kiasi. Lakini kila sharti lina historia yake, na mengine yaliandikwa baada ya maziko.

Yellowstone ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa Machi 1, 1872, enzi za Rais Ulysses S. Grant, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza duniani. Eneo lake linakaribia kilomita za mraba 9,000, sehemu kubwa ikiwa katika jimbo la Wyoming na vipande vikiingia Montana na Idaho. Ndani yake kuna Ziwa Yellowstone, lililo mita zipatazo 2,357 juu ya usawa wa bahari. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 340, na ufukwe wake, pamoja na ghuba zote, una urefu wa zaidi ya kilomita 220. Katika Amerika Kaskazini hakuna ziwa jingine kubwa kiasi hicho lililo juu namna hiyo. Huganda ifikapo mwisho wa Desemba na barafu yake huyeyuka mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni.

Barabara hupita kando ya ufukwe wa kaskazini na wa magharibi tu. Kusini na mashariki kuna msitu, milima na ghuba ndefu ambazo hufikiwa kwa miguu, kwa farasi au kwa mtumbwi. Katika ncha za ghuba za kusini boti za injini haziruhusiwi. Huko ndiko kwenye ukimya ambao wageni wengi husafiri maelfu ya kilomita kuutafuta, na huko ndiko dubu wanakoishi.

Jalala lililowaharibu dubu

Dubu wa Yellowstone ni wa aina mbili. Yupo dubu mweusi, mdogo kiasi na hodari wa kupanda miti, na yupo dubu wa kahawia ambaye Wamarekani humwita grizzly, mwenye nundu ya misuli mabegani na kucha ndefu za kuchimbia. Dume la aina hii ya pili linaweza kufikia kilo 300. Mwili huo usimdanganye mtu: grizzly akiamua kukimbia anaweza kufikia kilomita zaidi ya 55 kwa saa, kasi ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuifikia kwa miguu yake.

Kwa miongo mingi wanyama hawa walikuwa tamasha. Mabaki ya chakula kutoka hotelini yalimwagwa katika majalala, na jioni watalii waliketi kwenye mabenchi yaliyopangwa kwa safu wakitazama dubu wakigombea mifupa na makopo. Barabarani, dubu weusi waliomba kama watoto wa mitaani: walisimama kando ya magari, wakapewa mikate na peremende, wakapigwa picha. Wenye hoteli walifurahi, na wageni walirudi makwao na hadithi za kusimulia.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Kumbukumbu za hifadhi zinaonyesha kuwa kati ya mwaka 1931 na 1969 dubu walijeruhi wastani wa watu 48 kila mwaka, na matukio ya uharibifu wa mali yalizidi 100 kwa mwaka. Dubu aliyezoea kulishwa hakuona tena tofauti kati ya mkono na mkate ulio mkononi. Waliokuwa wasumbufu zaidi walipigwa risasi, na kwa hiyo kila mgeni aliyerusha kipande cha mkate dirishani alikuwa, bila kujua, akisaini hati ya kifo cha mnyama aliyempenda.

Mwaka 1970 majalala yaliyosalia yalifungwa. Uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi, ila namna ya kuutekeleza ilizusha mzozo ambao hadi leo unatajwa katika vitabu vya elimu ya wanyamapori. Ndugu mapacha John na Frank Craighead, walioanza kuwachunguza grizzly wa Yellowstone mwaka 1959 na walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuwavisha dubu mikanda ya shingoni yenye redio, walishauri majalala yafungwe polepole ili wanyama wajifunze upya kujitafutia. Wakuu wa hifadhi walitaka yafungwe haraka, na wakafanya hivyo. Dubu wenye njaa waliingia kambini, na wengi waliuawa. Mwaka 1975 grizzly aliwekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kisheria. Wakati huo makadirio yalionyesha kuwa katika eneo zima la Yellowstone na misitu inayoizunguka walisalia 136 tu.

Leo wanakadiriwa kuwa takriban 1,000. Mara mbili, mwaka 2007 na 2017, serikali ilijaribu kuwaondoa katika orodha hiyo, na mara zote mbili mahakama ziliwarudisha. Vyovyote siasa zitakavyokwenda, ongezeko hilo limewezekana kwa sababu ambayo mgeni anaweza kuigusa kwa mkono wake: mapipa ya taka ya hifadhi yana vifuniko vya chuma ambavyo dubu hawezi kuvifungua, na anayekutwa akilisha mnyama hufikishwa mbele ya sheria.

Mita 91 kati ya hema na sufuria

Anayetaka kulala nje ya kambi za kando ya barabara lazima awe na kibali, na kibali hicho humtajia kambi moja maalumu kwa kila usiku. Hachagui tu ufukwe unaompendeza. Mwenye mtumbwi au boti anahitaji kibali kingine, na chombo chake hukaguliwa kabla hakijagusa maji, maana konokono na mimea ya kigeni inayong'ang'ania chini ya boti imeharibu maziwa mengi ya Marekani.

Kiini cha masharti yenyewe ni harufu. Pua ya dubu ni kali kuliko ya mbwa, na kwake harufu ni mwaliko. Kwa hiyo sehemu ya kupikia na kulia huwa mbali na sehemu ya kulala, angalau mita 91. Chakula chote hutundikwa juu ya nguzo au mti, mita tatu kutoka ardhini na zaidi ya mita moja kutoka kwenye shina, au huwekwa katika kasha la chuma pale ambapo lipo. Na neno "chakula" hapa lina maana pana kuliko kawaida: dawa ya meno, sabuni, mafuta ya kujipaka, mafuta ya midomo, dawa ya mbu, takataka, hata nguo alizovaa mpishi akikaanga samaki. Hakuna kinachoingia hemani isipokuwa mtu, mfuko wake wa kulalia na nguo safi. Wageni wa mjini hukosea hapo mara nyingi zaidi kuliko penginepo, kwa sababu mtu hukumbuka kutundika nyama lakini peremende ikasahaulika mfukoni mwa koti alilolifanya mto.

Mwaka 1972 vijana wawili walipiga kambi isiyo halali karibu na chemchemi ya Old Faithful na kuacha chakula wazi. Waliporudi usiku walimkuta grizzly kambini, na mmoja wao aliuawa. Lakini ukweli una upande wa pili. Mwaka 1984, karibu na Ziwa White, kaskazini ya ziwa kubwa, mwanamke aliyekuwa amepiga kambi peke yake aliuawa na dubu aliyemtoa hemani, ilhali chakula chake kilikuwa kimetundikwa inavyotakiwa. Masharti hupunguza hatari, hayaifuti. Walinzi wa Yellowstone hawamfichi mgeni jambo hilo, na ni heri kwamba hawalifichi.

Mvuvi ana wajibu wa ziada. Matumbo ya samaki hayaachwi ufukweni wala hayazikwi mchangani. Hutupwa mbali, kwenye maji ya kina, baada ya kutoboa kibofu cha hewa ili yazame. Na hapa ndipo habari ya samaki inapoungana na ya dubu kwa namna ambayo wachache wangeikisia.

Samaki mmoja, wanyama wengi

Samaki wa asili wa ziwa hili ni aina ya trauti anayetambulika kwa mistari myekundu chini ya taya. Kila mwanzo wa kiangazi huacha ziwa na kupanda vijito vidogo kutaga mayai. Katika maji yanayofika kifundo cha mguu, dubu walikuwa wakiwaokota kama mtu anayevuna embe zilizoanguka. Tai na fisi maji nao walipata riziki hapo hapo.

Mwaka 1994 ilithibitika kuwa kuna trauti wa aina nyingine ndani ya ziwa, mkubwa, mla samaki wenzake, ambaye hakuwa wa hapo. Mtu fulani alikuwa amempandikiza kinyume cha sheria. Mgeni huyo aliwala wa asili kwa kasi ya kutisha, na tofauti na wao, yeye hutaga ndani ya ziwa lenyewe na huishi kwenye kina kirefu, mahali ambapo dubu wala tai hawezi kumfikia. Vijito vilivyokuwa vimejaa samaki vilibaki karibu vitupu, na dubu waliovitegemea wakageukia vyakula vingine, wakiwamo ndama wa kulungu wakubwa waitwao elki. Tangu hapo hifadhi imekuwa ikimvua mvamizi kwa nyavu, na zaidi ya samaki milioni nne wamekwisha kutolewa. Trauti wa asili wameanza kurudi.

Kwa sababu hiyo mvuvi wa Ziwa Yellowstone hupewa amri mbili zinazopingana: akimnasa trauti wa asili amrudishe majini akiwa hai, akimnasa mvamizi amuue. Kwa sababu hiyo pia baadhi ya fukwe na njia zinazokatiza vijito vya mazalia huwekewa vikwazo kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Julai, dubu wanapokwenda kuvua. Bonde la Pelican, lililo kaskazini ya ziwa na maarufu kwa grizzly, hufungwa kabisa kuanzia Aprili 1 hadi Julai 3. Linapofunguliwa, mgeni huruhusiwa kuwamo kati ya saa tatu asubuhi na saa moja jioni tu. Hata kambi ya magari ya Fishing Bridge, palipo na daraja ambalo uvuvi juu yake ulipigwa marufuku mwaka 1973, haipokei mahema. Anayelala hapo lazima awe ndani ya gari lenye kuta ngumu.

Mtalii aliyelipa nauli kubwa hukasirika akikuta njia imefungwa. Hasira hiyo inaeleweka, ila haina hoja. Dubu wa hapa ana miezi michache tu ya kula kabla ya theluji, na akifukuzwa kijitoni leo kwa kelele za wapiga picha, mlo huo haurudi kesho.

Akitokea njiani

Umbali wa kisheria ni mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu, na mita 23 kutoka kwa wanyama wengine. Mgeni akimsogelea dubu ili apate picha nzuri, amekwisha kuvunja sheria hata kama dubu hakuinua kichwa.

Jambo kubwa zaidi ni kutomshtua. Watu hushauriwa kutembea watatu au zaidi, kuongea kwa sauti au kupiga makofi wanapokaribia kona, kichaka au kijito kinachovuma, na kutotembea alfajiri, magharibi au usiku. Kengele ndogo zinazouzwa madukani hazisaidii sana. Sauti yake haifiki mbali. Mtu anayekimbia kwa mazoezi yuko katika hatari zaidi, maana humfikia dubu kabla harufu wala sauti yake haijafika. Mwaka 2015, si mbali na Kijiji cha Ziwa, mtu mmoja aliuawa na dubu jike. Alikuwa peke yake, nje ya njia, bila dawa ya kujikinga. Dubu huyo naye aliuawa, na watoto wake wawili wakapelekwa katika bustani ya wanyama ya Toledo, Ohio.

Dawa hiyo ni kopo la pilipili kali linalopulizwa kama marashi, ila wingu lake hufika mita kadhaa mbele. Utafiti wa matukio ya Alaska, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa katika zaidi ya asilimia 90 ya matukio ambamo ilitumika dhidi ya dubu wa kahawia, dawa hiyo ilimzuia mnyama, na karibu watu wote walioitumia hawakupata jeraha. Lakini kopo lililozama ndani ya shanta ni mzigo tu. Hubebwa kiunoni au kifuani, na mtu hujizoeza kulichomoa kabla ya siku ya haja. Haipulizwi hemani wala mwilini kama dawa ya mbu, kosa ambalo limewahi kutendwa na watu waliokuja kulijutia.

Dubu akiwa bado hajamwona mtu, mtu hurudi taratibu alikotoka. Akiwa amemwona, hasimami akimkazia macho wala hakimbii. Hurudi nyuma polepole, kopo mkononi. Dubu wengi hujifanya kushambulia, wakaja mbio, wakasimama ghafla na kugeuka. Asipogeuka, dawa hupulizwa akiwa umbali wa mita kati ya 9 na 18. Ikishindikana akamgusa, mtu hulala kifudifudi, shanta mgongoni, mikono imefunga shingo, na hatikisiki mpaka dubu aondoke. Kanuni hii ni ya dubu aliyeshtuka. Kwa dubu aingiaye hemani usiku, au anayemnyemelea mtu kwa muda mrefu, kulala kimya ni kujitoa kafara: huyo hupigwa kwa kila kitu kilichopo.

Hofu yote hii inahitaji kuwekwa mahali pake. Tangu hifadhi ianzishwe mwaka 1872, watu waliouawa na dubu ndani yake ni wanane. Waliokufa maji ni zaidi ya 100. Ziwa lenyewe, ambalo hakuna anayeliogopa kwa kuwa halina meno, ndilo lenye mauti mengi zaidi.

Maji yake hubaki baridi hata Agosti. Mtu aliyetumbukia mbali na ufukwe huweza kuishi dakika zipatazo 20 hadi 30 tu, na mikono hufa ganzi mapema zaidi. Asubuhi ziwa hutulia kama kioo; mchana upepo wa kusini-magharibi huamka na mawimbi hufikia kimo cha mtu. Wenye mitumbwi huanza safari alfajiri, huambaa na ufukwe badala ya kukatiza ghuba, na hushuka nchi kavu upepo unapoanza. Jaketi la kuokolea huvaliwa, halikaliwi kama mto.

Hilo humrudisha msafiri kwenye mgongano mdogo usio na suluhisho kamili. Dubu wanamtaka asitembee alfajiri, na ziwa linamtaka aondoke alfajiri. Wenye uzoefu hukusanya kambi kukiwa kumepambazuka sawasawa, wakiongea kwa sauti wanapokwenda kushusha chakula nguzoni, kisha wakaingia majini jua likiwa bado chini.

Kopo la pilipili haliruhusiwi ndani ya ndege, si mkononi wala katika mizigo inayopakiwa chini. Anayetoka ng'ambo hulinunua akisha kufika, na siku ya kuondoka huliacha huko huko.